Mtende wa Wakfu na Waya wa Kisima

Kutoka Mwanza hadi Nizwa nilisafiri kwa treni, basi, meli mbili na lori, na katika vyombo vyote hivyo lori ndilo lililonichosha. Nilizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, nikasoma mpaka darasa la kumi na mbili, na baada ya mwaka sitini na nne nikawa mtu wa kuhama. Nilikwenda Tanga kwa mjomba, Tabora kwa rafiki wa mjomba, na Mwanza kwa mtu ambaye mpaka leo sijui tunahusiana vipi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wetu walianza kurudi Omani, nchi ambayo babu yangu aliiacha akiwa kijana na mimi sikuwa nimeiona hata kwa picha. Nikapanda meli Mombasa, nikashushwa Karachi, nikangoja huko mpaka nikajua kuomba chai kwa Kiurdu, kisha meli nyingine ikanifikisha Maskati.

Lori lililotutoa Maskati lilipakia mchele, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia. Barabara ya lami ilikuwa inajengwa bado. Tulikwenda pembeni mwake, juu ya mawe ya wadi, yaani mto mkavu, tukiitazama lami mpya kama watu wanaochungulia karamu dirishani. Nilipoteremka Nizwa sikuweza kusimama sawasawa. Mzee mmoja mbele ya msikiti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha chuoni kwamba mimi nimerudi kwetu. Akaniangalia, akanipa maji.

Kazi niliyopata ilikuwa ya laini za umeme, na ndiyo kazi niliyoifanya mpaka magoti yaliponikatalia. Nyinyi mnaopandishwa na gari lenye kikapu mnaweza kuruka sehemu hii, lakini mngesoma mngefahamu kwa nini sisi wazee tunatembea kama mabata.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbarouk. Kwao ni Tabora, babu yake alifika huko na misafara, na yeye alikuwa amefanya kazi ya laini bara kabla ya kuja Omani. Kiswahili chake kilijaa springi, bolti na shifti, na changu yeye alikiona cha harusini. Siku ya kwanza nilimkuta karakana ya Nizwa anatia mafuta mkanda wa ngozi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Unguja."

"Unguja minazi mnapanda, au mnaitazama?"

Nikamwambia tunao watu wa kupanda.

"Basi hapa watu hao ni wewe," akasema, akanirushia mkanda.

Somo lake la kwanza lilikuwa kubisha hodi. Kabla ya kupanda nguzo yoyote unaigonga kwa nyundo chini, karibu na mchanga, pande zote, na unasikiliza. Nguzo nzima inalia kwa ukali. Nguzo iliyoliwa na mchwa inajibu kama mtu aliyezibwa mdomo na blanketi. Somo la pili lilikuwa vyuma vya miguuni, vile vyenye meno ya kung'ata mti. Ukivivaa unatakiwa utoe magoti nje, uwe mbali na nguzo, na mwili wote unakuamrisha uikumbatie. Wanaokumbatia ndio wanaoteleza. Mimi nilikumbatia wiki nzima, na ngozi ya kifua iliyobaki kwenye nguzo za Nizwa sijui kama imekwisha kuoza.

Kazi ngumu ya miaka ile haikuwa juu, ilikuwa njiani. Manah tulipeleka laini kwenye mtaa wa zamani, ambako vichochoro vimejengwa kwa kiasi cha punda mmoja na adabu zake. Nguzo ikaingia vizuri, ikafika kwenye kona, ikakataa kugeuka. Haikwenda mbele wala haikurudi, kwa sababu nyuma yetu walikuwa wameshakusanyika watu wa kutoa ushauri. Mwenye nyumba ya pembeni alijitolea tuvunje ukuta wa jirani yake. Mwishoni Mzee Mbarouk akaamua tuipitishe juu ya mapaa, na tukaibeba kutoka paa hadi paa, huku wanawake wakitupigia kelele tusikanyage ndimu walizoanika. Tulizikanyaga. Jioni ile tulikula kwao wale wale waliotutukana, na mchuzi ulikuwa na ndimu hizo hizo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa upande wa Mashariki, makao yetu yakiwa Ibra. Mzee Mbarouk alikuja pia, na dereva wetu akawa Koya, mtu wa Kerala kule India. Koya alijifunza Kiswahili kutoka kwetu mimi na Mzee Mbarouk, kwa hiyo alijua kutukana kabla ya kujua kusalimia. Kutoka Ibra kwenda Al Qabil na mbele yake, nchi inafunguka. Ni uwanda wa changarawe na migunga, milima iko nyuma kaskazini na mchanga mwekundu uko kusini, na katikati yake vijiji vimekaa kila kimoja na shamba lake la mitende. Laini ya umeme ilipita katika uwanda ule imenyooka, nguzo baada ya nguzo, na mimi niliipenda kwa sababu nilikuwa naiona inakwenda mahali.

Sasa niandike habari ya siku ya upepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwezi wa Shaabani, na Shaabani mwaka ule iliangukia kwenye joto. Tulikuwa tunabadilisha vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo, karibu na Al Qabil. Baada ya sala ya adhuhuri wingu lilijijenga juu ya milima, na watu wakafurahi, kwa sababu wingu pale ni habari njema hata lisipofanya kitu. Alasiri likawa na rangi ya shaba iliyochakaa, na hewa ikasimama kabisa. Mzee Mbarouk akaniita niteremke. Sikuwa nimemaliza, nikamjibu dakika moja. Hakubishana nami. Alianza kufungasha vifaa, na kwa kuwa sikuwahi kumwona akifungasha kazi haijakwisha, nikateremka.

Unguja tuna chamchela. Inazunguka uwanjani, inachukua majani makavu na pengine kanga ya mtu, wakubwa wanasema ni jini anapita, nawe unampisha. Ile niliyoiona siku ile ilikuwa na umbo hilo, ila ilianzia kwenye wingu. Mkia ulishuka, ukarudi, ukashuka tena ukagusa ardhi, na uwanda ukapanda juu. Nikasema kwa sauti kwamba ni moja na iko mbali. Koya akanigusa bega akanionyesha nyingine upande wa Ibra, na ya tatu ikielekea kwenye mchanga. Waarabu wa pale wanaiita zobaa, na wazee wao waliniambia baadaye kwamba wamewahi kuona zobaa nyingi, lakini hizo zilizokuja kwa kundi hawakuzijua.

Tulijilaza ndani ya kalvati chini ya barabara. Sauti yake sitaieleza vizuri. Nilisikia lori letu likisogezwa juu yetu, breki imefungwa, kama kabati linavyosogezwa na watu wanaohama nyumba. Koya alisoma dua kwa Kimalayalam na kwa Kiarabu. Mzee Mbarouk alisoma kimya, mkono wake umeshika ukosi wa shati langu, na hakuuachia mpaka mvua ya mawe ilipokwisha.

Tulipotoka tuliona bati limeviringwa kwenye nguzo kama karatasi kwenye peremende. Friji ya mtu ilikuwa juu ya mgunga, mlango umefungwa vizuri. Vibanda vya makuti havikuwepo hata alama. Katika shamba moja upepo ulipita katikati ya mitende ukafungua njia, na mitende ya kulia na kushoto ikabaki imesimama, mashada yake hayakutikisika. Waliokufa walizikwa kesho yake asubuhi. Wana watu wao, sitawaandika mimi.

Laini yangu iliyonyooka ililala chini kama kamba ya nguo iliyokatika. Kwa siku nyingi zilizofuata hatukujua Ijumaa wala Jumatatu. Tulichimba, tukasimamisha, tukavuta waya, tukasogea. Kila kijiji kilitupa kahawa na kila kijiji kilituambia kwamba chenyewe ndicho kilichoumia zaidi, na vyote vilisema kweli.

Ndipo tukafika Hillat Sidri, kijiji kidogo kando ya Al Qabil. Hicho ndicho kisa ninachotaka mkijue.

Hillat Sidri waliishi kwa falaji, yaani mfereji wa kale unaoleta maji ya chini ya ardhi kutoka mbali. Mvua ya siku ile iliuporomosha mfereji ukajaa tope na magogo, na kuuzibua ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Kilichobaki ni kisima kimoja chenye pampu ya umeme. Walipokuja kutulaki walikuwa wanachota kisimani kwa kamba na ndoo, na kisima kilikuwa kirefu. Ndoo iliyofika juu iligombewa. Mbuzi walishaanza kufa, na watoto wawili walikuwa wamepelekwa hospitali Ibra kwa kunywa maji ya dimbwi.

Tulifuata waya kuelekea kisimani, tukakuta sababu ya giza. Mtende mkubwa umeangukia laini. Umevunja nguzo mbili, umeubana waya chini ya shina lake, na kichwa chake na mashada yote kimelala kwenye njia ya pampu. Upande mmoja mizizi imeng'oka ikawa juu kama mkono uliofunguka. Upande wa pili bado imo mchangani. Kuuzunguka hatukuweza. Kulia kulikuwa na ukuta wa msikiti na kushoto korongo la wadi lililokuwa linaendelea kumomonyoka. Tulimweleza foromani wa Ibra kwa redio ya gari, naye akajibu kama ambavyo mimi ningejibu. Kateni, watu wapate maji kabla ya magharibi.

Koya akaleta msumeno. Alipofika kwenye mtende alikuta mzee amekaa juu yake.

Mzee huyo aliitwa Humaid. Alikuwa wakili wa mali za wakfu za msikiti, na huo ulikuwa mtende wa wakfu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye shina, khanjari kiunoni, fimbo magotini, na Mzee Mbarouk, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu, akachuchumaa mbele yake wakaanza kusalimiana. Salamu za pale zina urefu wake, na msumeno ulingoja.

Aliyenifasiria mimi ni Bi Zuena. Kazaliwa Unguja, Kikwajuni, akaja na mumewe, na mumewe alikuwa wa Hillat Sidri. Aliposikia naongea na Koya akaniuliza wa mtaa gani, nikamwambia Malindi, akasema, "Ndiyo maana umesimama mikono mfukoni." Kichwani alikuwa na ndoo tupu, na alinifasiria bila kuitua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mtende ule ni wa aina ya naghali, inayoiva kabla ya tende nyingine zote. Aliyeuweka wakfu, miaka mingi nyuma, alisema matunda yake ni ya waliofunga, wafuturu nayo hapo hapo msikitini, asile mtu mwingine. Lakini Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, inazunguka joto na baridi, na naghali inaiva wakati ule ule. Kwa hiyo miaka mingi mtende huiva bila Ramadhani, tende zake zikakaushwa na kuwekwa, na waliofunga wakafuturu kavu. Kukutana kwa Ramadhani na naghali mbivu ni miaka michache tu, kisha mtu angoje nusu ya umri wake. Humaid aliwahi kuiona alipokuwa kijana na baba yake ndiye wakili. Sasa ilikuwa imerudi. Mwezi ujao ulikuwa Ramadhani, na mashada yaliyolala mbele yetu, kijani bado, yangeanza kuiva ndani yake. Nani alikuwa na matumaini ya kuiona mara ya tatu?

"Amesema tumpe mwezi mmoja," Bi Zuena akanifasiria. Halafu akamgeukia mzee mwenyewe, akamwambia kwa Kiarabu, kisha akanirudia mimi kwa Kiswahili ili nisipitwe. "Nimemwambia, shaibu, watoto hawanywi wakfu."

Watu walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyemgusa. Kijana mmoja angeweza kumbeba mzee yule kwa mkono mmoja, na hakuna aliyediriki hata kusogea, kwa sababu kumwondoa wakili kwenye mali ya Mungu ni jambo ambalo mtu ataishi nalo. Lakini ndoo zilikuwa mikononi mwao, na nilimwona mzee anaziona.

Akamwuliza Mzee Mbarouk nguzo zile zilizovunjika tutazifanyaje. Mzee Mbarouk akajibu tutasimamisha nyingine.

"Nguzo mnaisimamisha, imekufa," akasema Humaid. "Huu uko hai."

Mzee Mbarouk akainuka, akauzunguka mtende, akapiga magoti kwenye mizizi, akachimba kwa vidole. Akarudi akachuchumaa pale pale. Alichosema alikisema polepole, na Bi Zuena akanifasiria. Mtende unaweza kuinuka, alisema, mizizi ya upande mmoja inatosha kuushika. Lakini hauwezi kuinuka na mzigo wake. Mashada yote yakatwe, na makuti karibu yote, sivyo kichwa kitauangusha tena, au mizizi iliyobaki itashindwa kukilisha na mtende utakauka umesimama. Msumeno utamwondolea mtende. Kuinua kutamwondolea tende. Achague, na achague sasa.

Humaid alikaa akipitisha kiganja juu ya shina, kwenye magamba ambayo alikuwa ameyapanda maisha yake yote. Bi Zuena aliitua ndoo. Nilidhani anataka kumsemesha tena, na nadhani naye alidhani hivyo.

Kisha mzee akashuka. Akaomba mundu, akaletewa. Maisha yake yote aliyafikia mashada yale kwa kupanda, kamba kiunoni, na siku ile yalikuwa chini ya mkono wake. Aliyakata mwenyewe, moja moja, akisema bismillahi kila shada, akiyaweka kando kwa mpango kama ambavyo yangeteremshwa yakiwa mabivu. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakumwomba mtu. Alipomaliza akarudisha mundu, akakaa ukutani kwenye kivuli, akatuambia, "Haya."

Tukafanya kazi. Wale mnaotaka kujua jinsi ya kuinua mtende, ni hivi. Tulizika chini gogo moja, kipande cha nguzo mojawapo iliyovunjika, kwenye shimo la kina cha kifua, ili liwe nanga. Tukafunga winchi ya mkono kwenye gogo hilo, ile ya kuvuta kwa kupiga mpini mbele na nyuma. Shina tukalivika magunia kabla ya mnyororo, maana mtende ukichubuka pande zote unakufa. Kapi moja kubwa tukalitundika kwenye magogo matatu tuliyoyafunga vichwa, ili waya uvute kuelekea juu kwanza kabla ya kuvuta kando. Wanaume wa kijiji walichimba upande wa mizizi iliyong'oka ili ipate mahali pa kurudi. Koya alishika mpini, mimi nikashika kamba ya kuzuia usizidi, na Mzee Mbarouk alisimama mahali ambapo ungemwangukia yeye kwanza kama tungekosea. Alikuwa na tabia hiyo.

Mtende uliinuka kama mgonjwa anayeketishwa kitandani. Kuna mahali ulisimama, tukasikia mzizi ukilia ndani ya mchanga, na Mzee Mbarouk akainua mkono tusivute. Tukangoja. Ukatulia. Tukavuta tena kidogo kidogo, mpaka ukawa umesimama, umeinama kiasi kuelekea msikitini, kichwa kipara na makuti machache katikati yamefungwa pamoja kwa kamba. Tukaushikiza kwa nyaya tatu, zile zile za kushikizia nguzo za kona. Nimeona kazi nyingi za kupendeza katika laini. Ile haikuwa ya kupendeza. Mtende ulifanana na mtu aliyetoka kunyolewa na kinyozi mgomvi.

Waya ulikuwa huru. Nguzo mbili mpya tukazisimamisha kwa kasi ambayo hatukuwahi kuirudia, na jua lilikuwa bado halijagusa mchanga wa magharibi Mzee Mbarouk alipofunga swichi. Pampu ikakohoa, ikatema tope, ikatema maji ya kahawia, halafu yakaja meupe. Foleni ilikuwa ndefu. Bi Zuena alikuwa wa mbele, na namna alivyofika mbele msiniulize. Akajaza ndoo yake, akaibeba akapita mbele ya watu wote, akaimimina kwenye mizizi ya mtende. Kisha akarudi mwisho wa foleni, akaanza kugombana na mwanamke aliyesema zamu yake imeshapita.

Mashada mabichi walipewa mbuzi. Humaid mwenyewe aliyagawa.

Habari ya mtende ikatutangulia. Vijiji vilivyofuata havikutuuliza umeme kwanza, vilituonyesha mitende. Foromani alitukumbusha kwa redio kwamba sisi si watu wa kilimo. Tuliinua michache iliyokuwa njiani mwa waya, na njia ya waya, ukiwa na moyo, unaweza kuipindisha kidogo. Baadhi ilikufa. Baadhi iko mpaka leo.

Wa Hillat Sidri haukufa, lakini haukuzaa. Ramadhani ile walifuturu tende kavu. Mwaka uliofuata mtende ulitoa makuti tu, na uliofuata hivyo hivyo, huku Ramadhani ikizidi kurudi nyuma kuelekea miezi ya baridi na kuiacha naghali. Kila nilipopita na kazi nilimsalimia mzee, naye kila mara alinipeleka mtendeni, akanionyesha kuti jipya. Hakuwahi kutaja mashada. Mimi pia sikutaja.

Mzee Mbarouk alistaafu kabla yangu, akarudi Nizwa, na kazi yake kubwa ikawa kukaa dukani kwa mwanawe na kuwaambia wateja bidhaa zipi ni mbovu. Mimi nilipelekwa Sur miaka ya mwisho. Bahari ilinipoza macho, chumvi ikala vyuma vyetu, na magoti yangu yakaanza kunijibu kwa ile sauti ya nguzo iliyoliwa. Daktari akasema nisipande tena. Wakaniambia naweza kukaa ofisini, nikakaa wiki moja. Nikaandika barua ya kuacha. Dada yangu alikuwa Mombasa ananiita, na mimi nikiitwa mahali miguu huwasha.

Siku niliyoondoka Sur ilikuwa mwezi wa Shawwali, kwenye joto tena. Koya alijitolea kunifikisha Maskati kwa gari lake. Asubuhi tulikula samaki wa kukaanga na mkate, tukaanza safari. Ndege yangu ilikuwa baada ya siku tatu, na siku hizo nilikuwa nimezipanga kwa kununua zawadi. Tulipofika karibu na Al Qabil nikamwambia Koya akate kona tukawaage watu wa Hillat Sidri.

Tulifika alasiri imeshaiva. Mbele ya msikiti mkeka ulikuwa umetandikwa, na mtende umesimama umeinama kwa namna yake ile ile, nyaya zetu zimeshika kutu. Juu yake kulikuwa na mashada. Si mengi, lakini yalikuwa ya manjano na ncha zake zimeanza kulainika. Humaid alikuwa amezeeka sana, amekaa na wanaume kadhaa wa kijiji, midomo yao mikavu. Bi Zuena akatoka nyumbani kwake kuja kuniamkia, na ndiye aliyenieleza. Mtende umezaa mara ya kwanza, na Ramadhani imekwisha pita. Basi wakili amewaambia watu kwamba wakfu ni wa waliofunga, na waliofunga wapo hata Shawwali. Kijiji karibu kizima kilikuwa kinafunga sita, zile saumu za sunna za Shawwali.

"Katika joto hili," nikasema.

"Katika joto hili," akasema Bi Zuena. "Mie mwenyewe nimefunga, na ulimi umenikauka, nakusemesha kwa heshima tu."

Adhana ya magharibi ikaingia. Humaid alichukua sinia, akampa kila mtu tende tatu, mkono kwa mkono. Aliponifikia akasimama.

"Umefunga?"

Nikamwambia la, shaibu, mimi ni msafiri, nimekula samaki Sur. Akatikisa kichwa kwa upole kabisa, akampa aliyefuata. Mimi na Koya tuliletewa kahawa na halua. Koya akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sisi ndio tuliouinua, akaongeza neno mojawapo katika yale tuliyomfundisha mwanzo. Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Zile tende nilikuwa naziona zinavyoliwa, taratibu, watu wamefumba macho.

Baada ya sala Koya akawasha gari. Maisha yangu yote sikuwahi kuahirisha safari. Nimeondoka kwenye harusi, nimeondoka kwenye vyakula, nimeondoka Tabora deni la salamu la mtaa mzima likiwa shingoni mwangu. Nikamwambia azime gari.

Tulilala kwa Bi Zuena, yeye na mumewe wakatuamsha kula daku. Kesho yake ndiyo siku ya saumu iliyoniumiza kuliko zote nilizofunga, na nimefunga Mwanza nikibeba magunia. Mchana nilijilaza msikitini chini ya feni, nikaisikiliza pampu kisimani, ikizima na kuwaka. Koya, ambaye hakuwa amelazimishwa na mtu, alifunga pia, akanilaumu kila saa. Zawadi za Mombasa nilizinunua baadaye uwanja wa ndege, na dada yangu hajanisamehe.

Magharibi tukakaa kwenye mkeka na wenzetu. Humaid akaja na sinia. Akaniuliza kama jana, na safari hii nikamjibu ndiyo. Akanihesabia tatu, kama alivyomhesabia kila mtu, hakuongeza. Nilizila polepole. Nusu ilikuwa laini na nusu bado inauma meno kwa ugumu wake, na sukari yake ilinishuka mpaka magotini.

Mzee alingoja nimalize tende ya tatu. Akanyoosha kiganja, nikazitia kokwa zote humo, akafunga mkono.

"Sasa nenda," akasema.

Nikaenda.